Jicho Kwenye Dashibodi

Gari lilikuwa limezimwa tangu jana jioni, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu, na bado taa ya kulia ilikuwa inawaka na kuzima pale uani, kama gari linaloomba njia litoke. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Mwalimu alisimama na ndoo yake ya maji, tambara begani, akatazama. Alizunguka gari, akachungulia ndani, hakuona mtu. Alipogusa kitasa cha mlango, taa ikazimika.

Mtu mwingine angepiga kelele. Lakini huyu alikuwa amefundisha udereva nusu ya umri wake, amekaa kando ya watu waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na wa namna hiyo hatishwi na taa. Alimwita mwanawe mkubwa aje aangalie mtambo wake.

Mtaani kijana huyo walimwita Injinia, tangu alipokuwa akifungua redio za watu na kubakiwa na vipande mkononi. Mtambo wake yeye aliuita Jicho. Ulikuwa kamera ndogo isiyozidi kiberiti, imebandikwa kwenye dashibodi, inamtazama dereva. Ilifuata macho yake, shingo yake na bega lake. Dereva akitupia kioo cha kulia jicho na mkono ukaanza kusogea kwenye usukani, indiketa ya kulia inajiwasha yenyewe, hata kabla hajaikumbuka.

Kwa nini aliutengeneza, nyumbani hakuna aliyeuliza. Baba yake alikuwa fundi bomba mwenye pikapu kuukuu, na mtaa mzima ulimwita Ghafla. Aliyewahi kuendesha nyuma yake hakuhitaji kuelezwa sababu. Ghafla hakuwasha indiketa. Mke mwalimu wa udereva, mume anakata kona kama nzi. Watu walicheka, na yeye alicheka kuwapita. "Ninakokwenda nakujua mimi," alikuwa akisema, "wengine kunawahusu nini?" Siku moja alikata kulia kuingia njia ya machimbo ya kokoto, hakuonyesha, na lori lililokuwa linampita likamkuta katikati ya barabara. Injinia alirudi kutoka makaburini akajifungia chumbani, na alipotoka, alitoka na Jicho.

Asubuhi ile alikuja na kompyuta yake, akaiunganisha waya. Kwenye kioo cha kompyuta Jicho lilionyesha kila linachokiona, na kila lilipopata jicho la mtu liliweka nukta ya kijani juu yake. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Nukta mbili za kijani zilikuwa juu yake, juu kabisa karibu na paa, mahali ambapo kichwa cha mtu yeyote wa nyumba ile kisingefika. Zilisogea kulia taratibu, zikatulia, zikarudi katikati.

Injinia alifunika kompyuta. Alisema ni mwanga wa kioo cha nyuma, sauti yake ikisema vingine, akasema pia kwamba heri aubandue mtambo wote siku hiyohiyo. Mama yake alikataa. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gari akasikia harufu ya gundi ya mabomba, ile iliyokuwa haitoki kwenye mikono ya mumewe hata aoge mara ngapi, akaivuta tena puani.

Jioni, mwanafunzi wa mwisho alipoondoka, Mwalimu alibaki garini peke yake, kwenye kiti chake cha kushoto chenye breki ya mwalimu miguuni. Mwanga wa nje ulikuwa unafifia. Alijiona mjinga kabla hata hajafungua kinywa, lakini akafungua.

"Ni wewe?" akanong'ona. "Kama ni wewe, washa kulia."

Tik. Tik. Tik. Mwanga wa njano ukapiga ukutani, ukaondoka, ukarudi. Mwalimu alilia kilio ambacho msibani hakukipata, maana msibani alikuwa na wageni wa kulisha.

Mtu asimcheke. Aliyefiwa huongea na koti, huongea na mto, na huyu wa kwake alikuwa anajibu. Kila jioni alikaa na kumpa habari za nyumbani: Injinia hali chakula vizuri, bomba la jikoni linavuja na hakuna wa kulitengeneza, Kitinda amemaliza shule. Taa ilijibu, na yeye akaingia ndani amekunjuka uso. Mambo mengine aliyaona na kuyapita. Paka aliyekuwa akilala juu ya boneti alihamia kwa jirani na hakurudi. Kila asubuhi kiti cha dereva kilikutwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kana kwamba kimekaliwa na mwenye miguu mirefu mno. Mwalimu alikirudisha mbele na kuendelea na kazi.

Kitinda alikuwa binti yake, kitindamimba, mtoto wa mwisho na kipenzi cha baba. Alikuwa mwepesi wa mdomo na mwoga wa usukani. Mwalimu alikuwa amezika mume kwa ajili ya kona moja, na sasa alikuwa anamwingiza mtoto barabarani kwa mikono yake mwenyewe. Hofu hiyo ilimnyima usingizi. Jioni ya kuamkia somo la kwanza alikaa garini, akasema maneno ambayo baadaye angetoa mkono wake ili yarudi kinywani.

"Kesho mtoto anashika usukani. Mimi nina breki tu. Namkabidhi mkononi mwako, uwe naye njiani."

Safari hii taa haikupepesa. Iliwaka ikabaki imewaka, muda mrefu, kisha ikazima. Mwalimu aliona amekubaliwa ombi, akashukuru.

Somo lilikwenda vizuri kupita kiasi. Kitinda aliondoa gari bila kulirusha, alibadili gia kama mzoefu, na kila kona indiketa iliwaka mapema na kuzima kwa wakati wake. Mwalimu alimtania kwamba amekuwa akiiba gari usiku. Binti alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Walikuwa wametoka kwenye nyumba za mwisho, barabara imenyooka, na mbele ilionekana njia ya vumbi inayoingia machimbo. Mwalimu hakuwa amepanga kufika huko. Alishangaa namna walivyofika.

Indiketa ya kulia ikaanza.

"Mama," Kitinda alisema kwa sauti ndogo, "mimi sijaangalia kulia."

"Basi nyoosha. Endelea kunyoosha."

"Sijaangalia kulia, mama. Nani anaangalia?"

Mwalimu alimgeukia, akaona kichwa cha mtoto kimetulia kuelekea mbele kama alivyofundishwa na mikono iko mahali pake, lakini macho yameviringika yote upande wa kulia hadi umebaki weupe mtupu, na ile harufu ya gundi ikapanda, na chini ya gundi kulikuwa na nyingine ambayo pengine ilikuwapo siku zote, harufu ya nywele zilizoungua na chuma kilicholowa, na mbele yao lori la kokoto lilikuwa linateremka kilima likipiga honi, na indiketa ilikuwa inagonga tik, tik, tik, kwa adabu na utaratibu kama inavyofundishwa darasani, na usukani ulikuwa umeanza kuzunguka kuelekea kwenye lori lile, na hapo ndipo Mwalimu alipokumbuka jambo ambalo mwanamke aliyeishi na mume miaka yote ile hakupaswa kulisahau hata kwa dakika moja, kwamba Ghafla alikuwa mtu mfupi aliyeendesha akiwa amesogeza kiti hadi tumbo linagusa usukani, na kwamba Ghafla hakuwahi kuwasha indiketa maishani mwake.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliserereka, likapinda, na lori likapita likiwa limeondoka na kioo cha kulia. Vumbi likatua. Kitinda alikuwa bado ameshika usukani, macho yamerudi mbele.

"Nilionyesha," alisema, na sauti haikuwa yake. "Nilionyesha kabla ya kukata."

Hakukubali kushuka. Mwalimu alimpigia simu Injinia, naye akafika kwa pikipiki ya kukodi, kompyuta kifuani. Aliunganisha waya. Kwenye kioo cha kompyuta uso wa dada yake ulikuwa na nukta za kijani mbili juu ya macho, na nyingine mbili juu ya paji la uso, zikiangalia upande mwingine. Injinia alianza kulia kimyakimya, kijana mzima.

Walimwita mwanamke mmoja aliyekuwa mkunga zamani, na watu waliendelea kumwita Mkunga hata alipoacha kuzalisha na kushika kazi ya kutoa vitu vingine. Alisema kutoa ni kutoa. Gari lilikuwa limevutwa hadi uani, Kitinda yumo ndani ameng'ang'ania usukani, milango yote imeachwa wazi, mchana kweupe. Mkunga alifukiza moshi mzito chini ya viti, akanyunyiza maji ya chumvi kwenye magurudumu, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini muda mrefu. Kisha akauliza aliyemo amefuata nini.

"Sikufuata," sauti ilisema kupitia kinywa cha binti. "Nilipewa. Nimekabidhiwa mkononi."

"Na nani?"

Siku zote ilikuwa imewaka taa ya kulia. Sasa ikawaka ya kushoto, na upande wa kushoto wa gari alikuwa amesimama Mwalimu peke yake.

Injinia alimtazama mama yake. Mwalimu alitamani ardhi immeze. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini yeye alilia, na katikati ya kilio akasema yote: jioni zile, maswali yale, na neno la mwisho la kukabidhi. Mkunga hakumkemea. Alimwambia ashike mkono wa mtoto na kulirudisha neno lake kwa kinywa kilekile kilicholitoa.

"Sikukujua," Mwalimu alisema. "Nilidhani ni mume wangu. Sikukupa mtoto. Mtoto ni wangu, namchukua."

Alisema mara nyingi, hadi sauti ikamkauka. Kisha Mkunga akamwashiria Injinia, naye akabandua Jicho kwenye dashibodi, akaliweka juu ya jiwe na kulipiga nyundo mpaka likawa vumbi la plastiki. Kitinda alianguka juu ya usukani, akafumbua macho, akaomba maji. Taa ikazimika. Mwalimu alimkumbatia akamkumbatia tena.

Mkunga alikuwa anafunga kifurushi chake alipowaambia yaliyobaki. Alisema viumbe wa namna ile wako barabarani tangu barabara zilipochongwa, wanatazama huku na kule, na hakuna aliyewahi kujali wanatazama wapi. "Nyinyi mmetengeneza kitu kinachotii macho, wala hakiulizi ni ya nani. Huyu amepata wa kumtii." Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe, kitu usichokiona usikiulize tena 'ni wewe'. Hakitasema hapana."

Gari waliliuza kwa vipuri. Mwalimu aliajiriwa kwenye chuo cha mwenzake, na Injinia akarudi kwenye redio. Kitinda alinenepa, akarudia utani wake, na hata leseni aliipata. Mtahini alisema hajawahi kuona mwanafunzi anayeonyesha kona kwa uangalifu vile. Nyumbani walicheka, wakasema ndiyo faida ya kuzaliwa na mwalimu. Mwalimu alicheka pia, na usingizi ukaanza kumrudia.

Ilikuwa adhuhuri ya siku isiyo na kazi. Injinia alikuwa ametoka. Mwalimu alijinyoosha kitandani, mlango ameurudisha bila kuufunga, joto limeinyamazisha nyumba. Kutoka jikoni alisikia tik, tik, tik, akawaza lile bomba, kwamba hadi leo hawajapata wa kulitengeneza. Kisha akasikia kandambili zikiburutwa koridoni, na akafurahi kwamba mtoto anamletea chai. Ile tik, tik, tik ilikuwa inakuja pamoja na kandambili.

Alikuwa nusu usingizini, na ulimi wa mama una mazoea yake.

"Ni wewe?" aliuliza.

Kandambili zikasimama nje ya mlango. Kitinda huwa anajibu kabla hujamaliza kumwita, na huwa na neno la kuchekesha juu yake. Mwalimu alikaa kitandani. Alitaka sana kulirudisha neno lake, lakini lilikuwa limeshatoka. Katika upenyo wa mlango aliona uso wa binti yake, umetulia kuelekea mbele, na macho yake yameviringika yote upande wa kulia.

Ulimi wa Kitinda ukagonga kaakaa, tik, mara moja tu, kwa adabu.

Korido ile inanyooka hadi mlango wa nje, na chumba cha mkono wa kulia ni kimoja tu, cha Mwalimu.