Wimbo Uliokosa Maneno

Mwatumu alikuwa kivulini mwa nyumba anachambua mchicha, siku ya Jumapili, jua limesimama utosini, aliposikia zeze likilia chumbani. Hakushtuka. Mume wake, Mhina, alikuwa mpiga zeze tangu ujana, na Jumapili kambi nzima ya wakata mkonge ilikuwa haina kazi. Kilichomuudhi ni kwamba alikuwa amemtuma maji tangu asubuhi.

"Baba Mwaija," akaita bila kuinua kichwa, "hayo maji unayapigia zeze ili yaje yenyewe?"

Zeze likaendelea kulia. Wimbo wenyewe hakuujua. Ulikuwa unashuka, unashuka tu, kama mtu anayeteremka korongoni akipapasa kwa nyayo, halafu ukakatika palepale sikio lilipongoja uishe. Ukaanza tena kutoka juu.

"Unaongea na nani?"

Mhina alikuwa amesimama nyuma yake, debe la maji begani, jasho likimchuruzika.

Mwatumu akainuka, mchicha ukamwagika wote. Wakaingia ndani wakisukumana mlangoni. Zeze lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake, uzi wa katani bado unatetemeka. Chini yake, juu ya mkeka, alikaa binti yao Mwaija, mtoto wa miaka sita, miguu kainyoosha, anatazama juu. Chumba kilinuka maji yaliyolala ndani ya kibuyu miaka mingi.

"Mwaija, nani kaligusa zeze?" akauliza Mhina.

"Hakuna, baba. Limelia lenyewe. Linatafuta."

"Linatafuta nini?"

Mtoto akafikiri. "Halijui," akasema.

"Ni upepo," alisema Mhina akitua debe. Lakini nje moshi wa jiko la jirani yao Grasiana ulikuwa umesimama wima kama mlingoti.

Hiyo ilikuwa miaka ya Mwingereza, askari wetu wametoka vita vya Bama juzijuzi, na mkonge ulikuwa unatakiwa kila mahali. Wazungu wa mashamba walikuwa wanafyeka msitu upande wa Magoma mchana kutwa ili wapande zaidi. Mhina, Mzigua wa Kwedizinga, alikuwa katika kundi la wafyekaji. Mwezi uliopita, katika kichaka cha miiba, alikuta kibuyu kikubwa kimening'inia mtini, mdomo wake umeshonwa kwa ngozi nyeusi. Akakileta nyumbani anacheka. Mwatumu alimwambia akirudishe, maana kwao Handeni hata mtoto anajua kuwa kibuyu kilichoshonwa si cha kuwekea maziwa.

"Aliyekishona keshakufa na wajukuu zake wamekufa," Mhina alijibu. Akakata zile nyuzi, akakisuuza, akakitia mti na uzi wa katani. Zeze lililia vizuri mno, hata nyapara alikuwa anakuja kusikiliza.

Sasa, kwao ni hivi. Kila jini ana ngoma yake, na ngoma ina wimbo, na wimbo una maneno. Ndani ya maneno ndimo lilimo jina lake na kwao: huyu wa mlimani, huyu wa mtoni, huyu Mmasai, anataka shuka nyekundu na maziwa. Mganga akishapata jina, anaongea naye, anampa anachotaka, kisha anamwita kwa jina lake atoke. Asiye na jina hafukuziki. Huyo anafungiwa tu. Mwatumu aliyajua haya kama anavyojua kupika, lakini Jumapili ile hayakumjia kichwani. Alikiondoa kile kibuyu ukutani, akakitia kwenye gunia, gunia akalisukuma chini ya kitanda, akadhani amemaliza.

Siku ya pili wimbo ulitoka kooni mwa mtoto.

Mdomo umefungwa, macho yanatazama ukuta, na ule wimbo unashuka kooni mwake mpaka pale pa kukatika, unakatika, unaanza upya. Mwili wa Mwaija ulikuwa baridi kama mtungi, na ilikuwa saa sita mchana. Kila wimbo ulipokatika alikunja uso, kama mtu anayetaka kupiga chafya ikagoma. Akilala unamwamsha. Akipewa uji, unapita katikati ya uji.

"Mpeleke kwa bibi muuguzi wa misheni," Grasiana alishauri. Mume wake Yordani alikuwa Mbena aliyeletwa na kazi, na wao walikuwa watu wa kanisani. "Au ni minyoo. Wangu alisaga meno mwezi mzima, kumbe minyoo."

"Minyoo inaimba, mama?"

"Ya kambi hii? Haishindwi."

Wakacheka kidogo. Kisha koo la mtoto likaanza tena, na Grasiana akafanya ishara ya msalaba kifuani.

"Na alivyo mtoto wa adabu huyu," alinong'ona. "Mtu mzima akimwita mara moja tu, keshafika. Mimi wangu mpaka nishike fimbo."

Siku ya tatu Mwatumu alikuwa hajalala wala hajala. Mhina yuko shambani. Mchana ule mzito, mtoto amemlalia mapajani, wimbo unashuka, unakatika, unashuka, unakatika, naye bila kufikiri akaanza kumbembeleza kwa wimbo uleule, maana wimbo mwingine ulikuwa haukai kichwani tena. Na mdomo wa mama haujui kubembeleza bila maneno. Akaimba alichokuwa nacho: "Mwaija, Mwaija, mwana wa Mwatumu, Mwaija." Akashuka nao mpaka pale pa kukatika, na jina la mtoto likaingia pale, likatosha, kama kifuniko kwenye chungu chake. Kwa mara ya kwanza wimbo ukaisha.

Mwaija alivuta pumzi ndefu. Akatabasamu. Joto likamrudi mwilini, akalala.

Mwatumu alilia kwa furaha. Aliuimba tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Wanawake wa kambi waliusikia wakaupenda. Grasiana alitwangia mahindi kwa wimbo huo, na waliokuwa wanaanika katani uwanjani wakaudaka, mpaka kambi nzima, tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, ikawa inaimba Mwaija, Mwaija.

Mtoto alikuwa mzima. Alikula vizuri. Ila alianza kuuliza maswali.

"Mama, kikombe hiki cha nani?"

"Si chako? Cha Mwaija."

"Basi changu. Na kanga hii?"

"Ya Mwaija."

"Basi yangu. Na baba, ni baba wa nani?"

Alizunguka chumba kizima hivyo, akigusa kitu kimoja kimoja, na alipomaliza vitu alimgusa mama yake shavuni kwa vidole vitano na kusema, "Na wewe ni Mama Mwaija," akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa shamba na mipaka yake.

Usiku huo huo, taa imezimwa, Mwatumu alisikia sauti ndogo sikioni, sauti ya mwanawe kabisa, yenye mtetemo wake.

"Mama. Kuna mtu ananisogeza."

"Wapi, mwanangu? Kitandani?"

"Humu ndani. Anasema hapa ni pake. Nasogea, nasogea, mama. Karibu nafika ukutani."

Mhina alitoka kabla ya jogoo. Akadandia lori la mahindi, akatembea kipande kilichobaki hadi Kwedizinga, na siku ya tatu akarudi na Mzee Hiza, mganga, mtu mfupi wa kikohozi, na wapiga ngoma wake wawili. Mwaija aliwapokea mlangoni akapiga goti. "Shikamooni." Mzee Hiza hakuitikia. Alimtazama mtoto, akatazama kivuli chake, akasema kazi itafanywa saa sita mchana, maana jini aliingia saa hiyo na mlango aliujua mwenyewe.

Walimfunika mtoto shuka jeupe, wakafukiza ubani, ngoma zikaanza. Walipiga ya mlimani, shuka halikutikisika. Ya mtoni. Ya Kimasai. Hakuna. Mzee Hiza akamwambia Mhina atoe zeze chini ya kitanda apige ule wimbo. Mhina akapiga, na uliposhuka mara moja tu lile shuka likakaa wima.

"Umepanda," alisema mganga polepole. "Karibu. Mimi Hiza, mtu wa Kwedizinga. Wewe nani?"

"Mwaija." Sauti ilikuwa nzito na tulivu, kama ya mtu aliyekunywa maji akashiba.

"Huyo ni mtoto, kiti chako ulichokikalia. Nakuuliza wewe."

"Mwaija. Mwana wa Mwatumu. Nilikaa bila jina mpaka walionifunga wakaisha. Mama huyu amenipa. Watu wote wananiita. Hamsikii?"

Na kweli, nje, kinu cha Grasiana kilikuwa kinatwanga: Mwaija, Mwaija.

Ngoma zilinyamaza. Mzee Hiza akageuka. "Nani aliyeutia wimbo huu maneno?"

Mwatumu akajipiga kifuani kwa kiganja, mara moja.

"Mama yangu," mzee alisema, si kwa ukali, "sisi wimbo wa namna hii tunaziba masikio. Umeona ulivyokuwa unakatika? Pale ndipo alipokuwa hana kitu." Akakohoa muda mrefu. "Sasa wako wawili humo, jina moja. Mtoto ana jina jingine lolote? La utani, la bibi yake?"

"Hana, mzee. Mwaija tangu siku ya arobaini."

"Mpe jingine huyo jini," alisema Mhina.

Chini ya shuka pakachekwa. "Ninalo."

Mzee Hiza akawavuta pembeni, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anafukuza kwa jina na hana njia nyingine, kwamba akiita mmoja atatoka lakini hajui yupi, na kwamba asipoita, mtoto amekwisha fika ukutani, hana siku mbili. Mhina alimtazama mkewe. Mwatumu alipiga magoti mbele ya lile shuka, akaweka mdomo mahali alipodhani pana sikio.

"Mwanangu wa kwanza, nisikilize mimi. Huyu mzee ataita. Usiitike. Hata akiita kwa ukali, usiitike, usitoke, ng'ang'ania hapohapo. Umesikia?"

Sauti ndogo ilitoka mbali sana. "Nimesikia, mama."

"Ita, mzee," Mwatumu akasema.

Mzee Hiza akasimama katikati ya moshi wa ubani, akapiga fimbo ya mkwaju chini mara tatu, akaita kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani inaweza kutoka katika kifua kile kibovu, sauti ya mtu mzima anayeita mtoto wa mtu: "Mwaija! Toka nje! Nenda!" na shuka halikutikisika, akaita tena, "Mwaija! Nimesema toka!" na Mwatumu akawa anasema moyoni usiitike, usiitike, usiitike, akihesabu pumzi za mwanawe, akikumbuka miaka sita ya kumfundisha kwamba mkubwa akiita unaitika, akiita mara ya pili unakimbia, na kwamba mtoto wa kuitwa mara tatu ni mtoto asiye na mama, na mganga akavuta pumzi akaita mara ya tatu, na chini ya lile shuka, haraka, kwa aibu ya kuchelewa, ile sauti ndogo ikajibu:

"Abee, mzee. Nakuja."

Kitu chepesi kilipita kati yao, kikagusa pindo la kanga ya Mwatumu, kikatoka mlangoni kwenda juani. Hakikupiga kelele. Jini lisilofundishwa na mtu kuitika lilibaki limekaa pale pale.

Shuka likafunuliwa. Mtoto akapangusa macho, akasema ana njaa. Mhina akamnyanyua juu huku analia na kucheka, na nje wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Hiza hakugusa kuku aliyechinjiwa. Alikusanya ngoma zake bila kuinua macho, na mlangoni akamwambia Mwatumu peke yake: "Mlee vizuri. Hatakufanyia ubaya. Alikuwa anataka kwao tu, na sasa ni hapa."

Basi akamlea. Alimpikia, alimsuka, alimfulia, na mtoto alinenepa akawa na afya ambayo kambi nzima iliisifu. Mhina aliishi kwa furaha. Alikataa kusikia lolote. "Mwanao yuko mbele yako anakula, wewe unalia nini?" Padre wa misheni akimwona mtoto njiani alimpapasa kichwa. Grasiana peke yake aliacha kuja uani.

Mwatumu alivumilia mpaka mkonge mpya wa Magoma ulipofika magotini. Mchana mmoja, saa sita, aliacha chungu motoni akaenda mpaka mwisho wa kambi, pale mistari ya mkonge inapoanzia, mistari iliyonyooka ambayo ndani yake mtu anaona mbali mpaka macho yanauma. Hapakuwa na mtu. Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Mwaija!"

Halafu mbali, mbali kule ndani ya mkonge, mahali pasipofika hata wakataji, akasikia, "Abee, mama!" na nyayo ndogo zinakimbia kuja, zinakimbia juu ya majani makavu, zinajikwaa, zinainuka, "Abee, mama, nakuja, mama!" na Mwatumu akanyoosha mikono, akapiga hatua moja kuingia kati ya mistari.

Mkono mdogo, wenye joto, ukaingia katika mkono wake kutoka nyuma.

"Abee, mama. Nimefika."

Kule mbali nyayo zikasimama. Zikangoja. Mtoto aliyemshika mkono akainua uso wake wa mviringo, amesukwa vizuri, akamtazama.

"Ulikuwa unamwita nani, mama?"

Mwatumu alitazama mstari mrefu wa mkonge. Alisikia kule mtu mdogo akivuta pumzi, akisikiliza jibu.

"Wewe," akasema. "Nilikuwa nakuita wewe."