Ujumbe Kama Bahasha ya Dawa

Siku waliyokutana, foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni. Mtandao wa hospitali ulikuwa umekatika na watu walikuwa wakinung'unika. Fundi wa mtandao, kijana mwembamba, shati la bluu limekunjwa mikono, akaja akatambaa chini ya meza ya mtoa dawa.

"Samahani dada, sogeza mguu kidogo."

"Nisogeze wapi? Meza yangu, mguu wangu. Chako ni huo waya tu."

Akacheka huko huko chini, akagonga kichwa. Yule dada, koti jeupe na hereni ndogo za kijani, akamshushia kitambaa chenye maji baridi. Tangu hapo akamwita Waya. Naye Waya akamwita Bahasha, kwa ajili ya zile bahasha ndogo alizowaandikia wagonjwa kutwa nzima.

Walipendana, lakini Waya alikuwa amefungwa. Chumba chake cha mitambo hakikuwa na dirisha, na simu ya kazini haikubanduka kiunoni. Mtambo wowote ukizimika, simu ilileta mstari mmoja: D2-07 K LN 3. Msimbo huo aliutunga mwenyewe alipoanza kazi, akajivunia ufupi wake. Hakuna mwingine aliyeweza kuusoma. Ndiyo maana mkuu wake aliikalia barua ya likizo miaka miwili. "Ukiondoka, nani atatusomea?"

Mara mbili mama yake Bahasha alimwandalia chakula ili aende kuomba uchumba, na mara mbili simu ikalia akivaa viatu.

"Upo wapi, mpenzi? Mama ameshapakua."

"Nipo njiani... yaani, bado nipo kazini. Dakika tano tu."

"Dakika tano zako nazijua. Zimeota mvi."

"Sasa unataka niache kazi?"

"Nani kasema uache? Wewe unapenda kutafutwa, basi! Sikia. Jumapili mama anahamia kwa kaka yangu, mbali. Usipokuja Jumamosi, mimi sitakutetea tena."

Akakata.

Ijumaa asubuhi Waya alikwenda dirishani kuomba radhi. Bahasha alikuwa ameshika karatasi ya daktari, mwandiko kama nyayo za kuku, huku akimwandikia bibi mmoja kwa herufi kubwa: Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kula kwanza.

"Daktari anaandika anavyojua yeye," alisema bila kumtazama Waya. "Mimi naandika ili mgonjwa aelewe. Haya, pisha wenzako."

Waya akaitazama bahasha ya yule bibi, akakumbuka msimbo wake. Kumbe kamba iliyomfunga aliisuka mwenyewe.

Akarudi chumbani, akafungua ukurasa unaopanga maneno ya arifa, akafuta msimbo wake wote. Badala yake akaweka jengo, ghorofa, saa, na jambo la kufanya kwanza. Mitambo ilikuwa sitini na mitatu, na kila mmoja aliuandikia maelezo yake. Mwisho akaongeza nafasi ya jina la anayeshughulikia. Kisha akaelekeza arifa zifike kwa mkuu pia, na kwa mlinzi, mzee aliyemletea chai mle chumbani kila siku bila kuombwa.

Mkuu akasoma arifa ya majaribio, akakuna kidevu. "Kumbe ni hivi tu?"

"Nenda, mwanangu," akasema mlinzi. "Kusoma najua."

Jumamosi mchana Waya alikaa mezani, shati limepigwa pasi hadi kola. Mama hajamaliza kupakua, simu ikatetemeka. Bahasha akaweka kijiko chini.

"Haya, nenda. Tumeshazoea."

Waya akasoma kwa sauti: "Maabara, ghorofa ya pili. Hakuna mawasiliano tangu saa saba na dakika kumi. Kwanza angalia waya wa umeme nyuma ya kabati. Anayeshughulikia..."

Hapo palikuwa patupu. Miguu yake ikainuka yenyewe.

"Keti kidogo, baba," mama akasema.

Akabaki nusu amesimama, kiti kimemgusa magotini. Simu ikatetemeka tena.

"Maabara, ghorofa ya pili. Mawasiliano yamerudi saa saba na dakika kumi na tatu. Anayeshughulikia: Mlinzi."

Akaketi. Bahasha akaichukua ile simu taratibu, akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Mama," Waya akaanza, "nimekuja kukuomba..."

Bahasha akamsogezea sahani, machozi yakimlengalenga.

"Kula kwanza," akasema.