Wascar Alipokaa Kimya

Walikutana kwenye foleni ya empanada, zile sambusa kubwa za kwetu, uwanjani Santiago, siku ya kwanza ya msimu wa besiboli, watu wamebanana mpaka jasho la mmoja limekuwa la wote. Wascar aligeuka ghafla, sosi ya nyanya ikamrukia Yaneris kwenye blauzi nyeupe.

"We kaka, umeniharibia nguo!"

"Usiifue. Tukishinda leo, itabidi uivae kila mechi."

"Nani kakwambia nitakuja kila mechi?"

Alikuja. Alikuja miezi miwili mfululizo, akashangilia mpaka koo likakauka, na mapenzi yakakolea. Wascar alikuwa fundi wa viyoyozi, mtanashati, mdomo wake asali kwa kila jambo isipokuwa ndoa. Akiulizwa hilo, jibu lake lilikuwa moja: "Msimu ukiisha, mpenzi."

Jumapili moja ya Januari, Yaneris alichelewa. Alifika zamu ya nane kati ya tisa inaanza, kavaa gauni la buluu la kanisani, macho mekundu. Siku hiyo mrushaji wetu alikuwa hajaruhusu wapinzani pigo hata moja tangu mwanzo, bahati ya nadra mno. Jambo hilo kwetu halitamkwi, na kila shabiki lazima aendelee na alichokuwa akifanya, la sivyo nuksi itamwangukia mrushaji. Wascar alikuwa hajafungua kinywa tangu zamu ya kwanza. Basi ndiyo ikawa kazi yake, kukaa kimya.

"Wascar, yule Ruddy anayeniposa amekuja kutoka New Jersey," Yaneris akamwambia sikioni. "Yuko sebuleni kwetu, na pete anayo. Mama anataka jibu langu kabla jua halijazama."

Wascar akakodolea macho uwanja.

"Simtaki Ruddy mimi. Niambie 'usiende', basi. Neno moja tu, mpenzi wangu."

Wascar akainua kiganja, kama askari anayesimamisha gari. Alimpenda binti yule, alimpenda kweli. Lakini ulimi aliuzuia kwa meno.

"We mwanamume, umekuwa bubu?" akafoka Doña Fiordaliza, bibi mmoja shabiki sugu wa kiti cha nyuma. Yeye alikuwa akipayuka tangu mwanzo, kwa hiyo yeye aliruhusiwa. "Mtoto wa watu anakulilia hapa! Mjibu!"

Yaneris akangoja wapigaji wawili watolewe, akasimama, akakung'uta gauni lake, akaondoka.

"Mfuate, mjinga wewe!"

Hakufuata. Nimeona wanaume wapumbavu wengi mjini humu, ila huyu alitia fora.

Mpigaji wa mwisho alipotolewa, uwanja ulilipuka. Watu wasiojuana wakakumbatiana, bia ikamwagwa vichwani, Doña Fiordaliza akambusu muuza karanga. Wascar akasukumana na watu hadi langoni, simu sikioni. Mara ya nne ndipo ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya Yaneris kulisikika vicheko na mlio wa glasi.

"Usiende! Yaneris, nasema usiende! Sikuweza kusema pale, si unajua, mrushaji alikuwa..."

"Najua. Niliusoma ubao wa matokeo kabla sijaketi."

"Ulijua? Sasa mbona uliniuliza pale pale?"

"Kwa sababu sikuwa na siku nyingine. Nami ni shabiki, Wascar. Ningekuwa mimi, ningesema."

"Nakuja. Nitampigia mama yako magoti."

"Usije. Nimeshakubali. Pete imenibana kidogo, lakini imeingia."

Wascar akaegemea ukuta, honi za magari zikimpigia kelele za ushindi pande zote.

"Wascar," Yaneris akaita taratibu. "Alimaliza? Bila pigo hata moja?"

"Bila hata moja."

"Afadhali," akasema, akaanza kulia, na simu ikakatika.