Kaya ya Arobaini na Moja

Alama ilikuwa imesogea. Si sana, upana wa ukucha tu kwenye kioo cha kishikwambi, na mtu mwenye dhamiri safi angesema ni mtandao. Salvina hakuwa na dhamiri safi. Jana yake aliiweka ile alama nyekundu mwenyewe, kwa kidole, ng'ambo ya korongo. Leo ilikuwa upande huu, kando ya barabara inayoteremka Moshi mjini.

Tuseme ukweli, maana mwenyewe hakuusema. Salvina alikuwa mdadisi katika utafiti wa wakulima wa kahawa huko Kibosho. Kazi yake ilikuwa kufika kila kaya, kuuliza maswali, kisha kusimama uani ili programu ipachukue mahali penyewe kwenye ramani. Kaya arobaini alizifikia kwa haki. Ya arobaini na moja ilitakiwa itoke ng'ambo ya korongo, na siku hiyo mvua ilikuwa imeifanya njia utelezi wa kuvunja miguu. Basi akaketi kwenye kibanda cha chai karibu na parokia, akapika takwimu. Programu yenyewe ina huruma: GPS ikigoma, unaruhusiwa kuigusa ramani kwa kidole ukachagua mahali. Akachagua penye migomba mingi, pasipo na bati hata moja. "Je, umesimama mahali hapa?" programu ikauliza. Akabonyeza Ndiyo huku akipuliza chai.

Yaliyobaki aliyajaza kama waongo wote wa kazi hii wanavyojaza, yaani kwa vitu vya nyumbani kwake. Mkuu wa kaya: Thadeus, miaka sabini, jina alilolitoa kichwani. Anaishi na mjukuu mmoja: Theodora, miaka saba. Theodora, yaani Dora, ni mtoto wa pekee wa Salvina mwenyewe. Namba ya simu akaweka ya laini yake ya zamani, iliyokuwa kwenye kisimu kibovu ndani ya droo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ufupi wake ulimfurahisha, akamaliza chai akarudi mjini mapema.

Jumatano alama ilikuwa darajani. Akairudisha kwa kidole. Alhamisi ilikuwa imeshavuka reli, na alipokifungua kishikwambi kikatoa harufu ya udongo mbichi na mbege, ile pombe ya ndizi, iliyochacha. Akakifuta kwa kanga, akainusa kanga, akaitupa kwenye beseni la nguo chafu.

Ijumaa mchana akapigiwa simu na Godlove, msimamizi wake pale ofisini.

"Dada Salvina, kaya ya arobaini na moja nimeihakiki. Iko safi kabisa."

"Umeihakiki vipi?"

"Si nimepiga ile namba? Mzee kapokea mwenyewe. Anaongea taratibu, kama mtu aliye chini ya shimo. Kasema kila ulichoandika ni kweli, ila mjukuu hajafika bado. Anamfuata."

Salvina akaiendea droo. Kisimu kilikuwa kimezimwa, betri iko pembeni yake, kama alivyoiacha. Alipokigusa kikamuunguza kidole.

Saa tisa Dora akarudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, na ile harufu ikaingia naye.

"Mama, leo babu alikuwa getini."

Babu zake Dora walishakufa wote wawili. "Babu gani?" Salvina akanong'ona.

"Wa kwenye migomba. Ana udongo mdomoni. Anasema mimi nimeandikwa kwake."

Salvina akakinyakua kishikwambi, na ramani ilipofunguka akaiona alama imetulia juu ya paa la shule, akaivuta ikarudi, akaivuta tena ikarudi tena, akabonyeza Futa, na programu ikamjibu kwa adabu zake zote kwamba taarifa hii itafutwa tu mdadisi akiwa amesimama mahali ilipochukuliwa, na mahali pale hakuwahi kupakanyaga.

Jumamosi asubuhi alimfungia Dora ndani pamoja na jirani yake Gladys, akapanda Kibosho. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichopakana na pale alipopagusa kwenye ramani kilikuwa cha Bibi Veronika, kikongwe aliyekuwa akimenya ndizi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini huku na hicho kidude chako?"

Salvina akaeleza kwa sauti ya chini. Kisu cha bibi kikasimama.

"Pale hapana mtu tangu mama yangu hajaolewa. Kaya nzima ilikufa, watoto kwanza. Mzee akabaki peke yake mpaka naye akafa, hakuna wa kumzika, hakuna wa kulitaja jina lake. Nyie wa mjini mtasema jini. Sisi huwa tunanyamaza tu. Sasa wewe umempa jina, ukampa na mtoto?"

"Sikujua, bibi."

"Ungejuaje na hukufika? Ungesimama tu hapo ukingoni ungeona hakuna hata njia. Uliionea huruma miguu yako. Mwanao je?"

Salvina akalia waziwazi, na bibi hakumbembeleza. Akaenda kwenye mimea ya masale iliyopandwa mpakani, akakata jani moja refu kwa kisu, akalifunga fundo.

"Mchagga ukimpelekea sale kumwomba msamaha, hakatai, hata kama ulimuulia ng'ombe. Akishalishika tu, amesamehe, hana tena neno. Na yule alikuwa Mchagga. Nenda. Mimi mpaka wangu unaishia hapa."

Ilikuwa saa saba mchana, lakini ng'ambo ya korongo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti, na Salvina alikwenda akiipapasa migomba isiyopogolewa miaka mingi, hakuna ndege, hakuna mbuzi, hakuna hata inzi, ila kikohozi cha mzee kilichokuwa kikimtangulia hatua chache, akisimama nacho kinanyamaza, akitembea kinakohoa, mpaka miguu yake ikajikwaa kwenye mafiga matatu katikati ya nyasi, na mafiga yale yalikuwa na joto. Akapiga magoti. Akaliweka sale juu ya jiwe.

"Nisamehe," akasema. "Nilidanganya. Sikufika. Mtoto ni wangu."

Je, umesimama mahali hapa? Ndiyo, akabonyeza, na safari hii kweli. Futa. Alama ikapotea. Nyuma ya shingo yake mtu akashusha pumzi ndefu yenye harufu ya mbege; Salvina akafumba macho, na alipoyafumbua jani halikuwepo juu ya jiwe. Alikimbia mpaka parokiani bila viatu.

Zikapita wiki mbili za amani. Harufu ikaisha, kishikwambi kikarudishwa ofisini, Dora hakumtaja babu tena. Salvina akaanza hata kujicheka, akasema moyoni kwamba mtu mwoga hutishwa na kivuli chake.

Jumatatu, Dora akiwa ameshakwenda shule, akafungua mlango afagie. Kwenye kizingiti kulikuwa na jani la sale, bichi, limefungwa fundo. Akaliokota. Kwanza alidhani ni lile lake limerudishwa, lakini lile bibi alilikata kwa kisu, na hili lilikuwa limeng'atwa kwa meno, na udongo mwekundu wa mlimani bado umeshika pale lilipong'atwa. Akasimama nalo mkononi, akiwaza. Sale haliletwi bure. Mtu hukuletea akiwa amekukosea. Sasa nani amemkosea, na kosa lenyewe liko wapi?

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu wa Dora.

"Mama Dora, habari za asubuhi? Nakujulisha tu kwamba Dora ameshaondoka na babu yake. Mzee mpole, na amesaini kabisa kwenye daftari letu. Thadeus."

Salvina akalitupa lile jani kama linaunguza. Lakini alikuwa ameshalishika.