Kadi ya Profesa

Filamu ya harusi aliyoikata ilikuwa na dakika arobaini kamili. Ilipotoka kwenye kompyuta ilikuwa na dakika arobaini na moja.

Mkasi alidhani amesahau kipande cheusi mwishoni, kosa la kawaida kwa mtu mwenye haraka. Walimwita Mkasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata na kuunga video: harusi, mahafali, matangazo ya maduka. Aliifanyia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, chenye dirisha moja, meza moja, na zulia lililotoboka pale magurudumu ya kiti yanapopita. Akaisogeza filamu hadi mwisho aone kilichozidi.

Dakika ile haikuwa nyeusi. Ilionyesha dari. Dari ya mbao yenye rangi ya maziwa, na doa la maji lenye umbo la sikio. Hakuna kilichotikisika. Ilisikika feni tu, na chini ya sauti ya feni, mtu akivuta pumzi taratibu kama aliyelala chali.

Mkasi aliijua dari ile. Aliifuta dakika hiyo, akaitoa filamu upya. Ikatoka na dakika arobaini na mbili.

Mwezi mmoja kabla ya hapo kompyuta yake ilikuwa imeanza kumwangusha. Kila alipoweka video nzito picha iliganda, na wateja hawaelewi habari za kuganda. Akaenda kwa fundi wa kompyuta, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa gundi, ambaye alimwekea juu ya kaunta kadi mbili za picha, vipande vinavyobeba mzigo wa video ndani ya kompyuta.

"Usinunue jina, ndugu yangu," fundi alimwambia. "Wewe huchezi gemu, unakata video. Angalia memori ya kadi. Angalia kama programu yako inaelewana nayo. Halafu angalia kama umeme wa kasha la kompyuta yako utaibeba. Hii ndogo ni mpya, ina gerenti, lakini video kubwa zitaitoa jasho. Hii kubwa itakufaa miaka mingi."

"Na bei yake?"

Fundi alipoitaja, Mkasi alicheka ili asije akalia.

"Basi chukua ndogo, uanze nayo," fundi akasema.

"Nipe siku mbili niwaze."

Lakini hakuwa anaiwaza ndogo wala kubwa. Alikuwa anaiwaza ya tatu, iliyokuwa ndani ya kompyuta ya Profesa.

Profesa ndiye aliyemfundisha kazi. Alimpokea akiwa hajui hata kushika kamera, akamkalisha kando yake, akamwonyesha mahali pa kukata ili mtazamaji asihisi kisu. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akiacha mjane, watoto wawili, na kompyuta yenye kadi ambayo kila mkata video mjini aliitolea macho. Alikuwa na mambo yake, Profesa. Kila siku jua likifika utosini aliacha kazi, hata kama mteja yuko mlangoni, akatoka chumbani na kuiacha kompyuta ikifanya kazi peke yake. Wanafunzi wake walimtania kwamba ana mke wa pili mle ndani. Yeye hakucheka.

Siku ya pili ya zile mbili alizoomba kuwaza, mjane alimpigia simu.

"Shemeji, kompyuta ya marehemu haiwaki. Hebu njoo uitazame, labda naweza kuiuza nisomeshee watoto."

Mkasi alikwenda na bisibisi yake. Mjane alimfungulia chumba, akamwambia anakwenda kumchemshia chai. Tatizo lilikuwa waya mmoja uliolegea. Aliubana, mashine ikawaka. Kisha akaizima. Akasikiliza jikoni. Akafungua skrubu mbili, akaichomoa ile kadi, akaifunga ndani ya fulana aliyokuja nayo mkobani. Aliweka pale kadi ya zamani aliyokuja nayo, kitu cha kutupa.

"Umeona tatizo?" mjane aliuliza akiwa na kikombe mkononi.

"Kadi yake imeungua, shemeji. Nimekuwekea nyingine ya kusaidia saidia. Haitauzika kwa bei ya maana, lakini itawaka."

"Mungu akulipe," alisema mjane.

Chai ile Mkasi aliinywa hadi tone la mwisho, ingawa ilimuunguza ulimi. Njiani alijiambia kwamba Profesa mwenyewe angependa kadi iende kwa mwanafunzi wake. Kufika nyumbani alikuwa karibu kuamini, akaichomeka kwenye kompyuta yake.

Ndiyo maana doa lile la dari lilimkausha mate. Lilikuwa juu ya meza ya Profesa.

Siku zilizofuata kila video aliyoitoa ilikuja na mkia, na mkia ulizidi kurefuka. Baada ya dari ukaja uso. Ulikuwa uso wake mwenyewe, ukiinamia kutoka juu, unaonekana kama mtu anavyoonekana na aliye ndani ya shimo. Aliziona tundu za pua zake. Aliuona ulimi wake ukilamba midomo kwa tamaa, jambo ambalo hakujua kwamba alilifanya. Aliona vidole vinakuja, vinakuwa vikubwa, vinafunika kila kitu. Kisha giza la fulana, na ndani ya giza, sauti yake safi kabisa: "Imeungua, shemeji."

Aliikata mikia ile kwa kompyuta ya kukodi, akawapa wateja kazi yao. Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyeanza.

"Mchana ulikuwa na mgeni?" alimuuliza kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani.

"Mgeni gani?"

"Wewe ulikuwa umetoka. Nimepita mlangoni pale saa sita, nikasikia mtu anasafisha koo. Nikadhani umerudi. Nimegusa kitasa, mume wangu." Alimwonyesha kiganja. Kilikuwa na malengelenge. "Na kile chumba kinanuka. Kama nywele zilizoshika moto."

"Ni mashine tu. Inachemka."

"Kuna kitu unanificha," mkewe alisema, akaenda kupaka dawa mkono wake.

Wiki hiyo hiyo mjane alileta bahasha ya picha na kanda za zamani. Alitaka filamu ya kumkumbuka Profesa, ndugu wakusanyike waitazame. "Sina mwingine wa kumwamini, shemeji," alisema. Mkasi alishindwa hata kumtazama usoni.

Aliikata filamu ile kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuweka kwenye kazi nyingine yoyote. Alimweka Profesa akicheka, Profesa akimbeba mwanawe mabegani, Profesa akimwonyesha kijana fulani namna ya kushika kamera, na kijana huyo alikuwa yeye. Hapo alisimama akafuta macho. Alipobonyeza kuitoa, hakutazama saa. Jua lilikuwa limefika utosini.

Feni ikanyamaza. Si kwamba ilipungua. Ilinyamaza kama mtu aliyewekewa kidole mdomoni, na papo hapo joto likapanda kutoka kwenye kasha, likampiga magotini, tumboni, usoni, pamoja na harufu ile ya nywele, na kwenye skrini filamu ikaanza kujionyesha yenyewe kuanzia kwenye mkia: dari, uso, vidole, giza la fulana, uongo wake. Lakini safari hii haikuishia hapo, ikaendelea ndani ya mkoba hadi barabarani, ikaingia nyumbani kwake, ikapita jikoni alipokuwa amesimama mkewe amejishika kiuno, ikakaa pale ikilitazama tumbo lake kwa muda ambao haukuwa na sababu, kisha ikageuka, ikafuata korido, ikafika kwenye mlango wa chumba hiki hiki, na Mkasi akaona kwenye skrini mtu ameketi amempa mgongo, shati lake limelowa jasho, akaona shingo ya mtu huyo, akaona kovu dogo nyuma ya sikio, akatambua kwamba ni yeye na ni sasa hivi, na kwamba hicho kinachomtazama kimesimama nyuma yake na kinazidi kusogea.

Pumzi ya moto ilimpata shingoni.

Hakugeuka. Alitoka kwa kupitia dirishani.

Alikwenda kwa miguu hadi kwa mjane, bila viatu, kadi haipo mkononi, lakini moyoni ina uzito wa jiwe la kusagia. Alimkuta anaanika nguo. Alipiga magoti uani.

"Shemeji, haikuungua. Nimekuibia. Kadi ya Profesa ninayo mimi. Nitairudisha leo, nitakulipa, nisamehe tu."

Mjane aliiacha nguo ikining'inia kwa kibanio kimoja. Uso wake haukushtuka. Ulijikunja kama wa mtu anayeumwa jino.

"Simama," alisema. "Usinipigie magoti mimi. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilisimama nyuma ya mlango. Chai haichukui muda wote ule, shemeji. Ule waya niliulegeza mimi."

Mjane aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaongea akitazama mikono yake.

"Kadi ile ina jini, shemeji, na alikuja nayo. Mume wangu aliichukua kazini kwake bila ruhusa, zamani, alipokuwa kijana. Hauziki, hapewi mtu. Niliwahi kuitupa jalalani kadi ile. Mchana wake nikaikuta ndani ya kasha, imechomekwa, ina joto. Waganga watatu wameingia mle chumbani, wote wakatoka na neno moja: aliyemchukua kwa mkono wake ndiye mwenyeji wake, mpaka mwingine amwibe. Yeye ni wa moto, anapenda mahali penye moto. Mchana ni saa yake. Ukimpisha, anakaa kwa amani."

"Kwa nini Profesa hakumwachia mtu aibe? Tulikuwa tunaingia na kutoka mle ndani kila siku."

"Alikataa." Sasa mjane alikuwa analia. "Alisema afadhali afe naye. Mimi sikuwa na moyo wake. Nina watoto, niliogopa atahamia kwao. Nikakuwaza wewe, jinsi ulivyokuwa ukiitazama. Nikakuita."

Walikaa pale wawili, mwizi na aliyemwibisha, na hakuna aliyejua nani amwombe mwenzake radhi.

Mkasi aliikata upya filamu ya Profesa dukani kwa fundi, kwenye mashine ya fundi, ikatoka safi. Ndugu waliitazama wakalia, wakampa mkono. Tangu siku hiyo alijifunza kumpisha mgeni wake: jua likikaribia utosini alitoka na kufunga mlango, akasimama uani na mkewe hadi kivuli kirefuke. Mkewe alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

Kisha asubuhi moja fundi alikuja kuchukua waya aliouazimisha. Akakiona kilichomo ndani ya kasha lililokuwa wazi.

"Ndugu yangu! Una mzinga huu halafu unakuja kubanana kwangu?" Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Unajua nimeitafuta hii miaka mingapi? Unaiuza?"

"Haiuzwi."

"Hata kwa kubadilishana?"

"Haiwezekani, fundi."

Mkewe aliita kutoka jikoni. Mkasi alipofika huko, mkewe alifunga mlango nyuma yake na kumshika kifundo cha mkono.

"Tukae huku," alinong'ona. "Dakika tano tu. Usimfanye lolote, usimwambie lolote. Kaa tu."

"Huyu mtu amenifaa."

"Na huyu?" Aliuweka mkono wa mumewe tumboni. Mtoto aligeuka chini ya kiganja. "Unataka azaliwe humu?"

Kutoka chumbani ilisikika skrubu ikilalamika. Moja. Mkasi alifumba macho. Alijiambia kwamba fundi ni mtu mzima, ana akili zake, hakuna aliyemlazimisha. Aliyajua maneno hayo. Alishawahi kujifariji nayo barabarani akiwa na fulana mkobani. Skrubu ya pili ikaanza.

Akauchomoa mkono wake, akakimbia.

Fundi alikuwa ameinama, kadi imechomoka nusu. Ulimi wake ulikuwa kwenye ukingo wa mdomo.

"Iache!"

"Nilikuwa naifuta vumbi tu," alisema fundi, na uso ukamwiva.

Mkasi alimweleza yote, harakaharaka, bila kujificha. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akachukua waya wake.

"Ungesema tu kwamba umeniona mwizi," alisema. "Kunitungia hadithi ya majini ndiyo dharau yenyewe."

Hakurudi tena, na dukani kwake Mkasi hakukanyaga. Jioni hiyo mkewe alifungasha nguo zake na za mtoto ambaye hajazaliwa, akaenda kwa mama yake, safari ya siku nzima. Hakuondoka kwa hasira. Alisema, "Umefanya vizuri, nami siwezi kukaa na vizuri vyako."

Mtoto alizaliwa huko, wa kike, mwenye afya. Mkasi alipewa habari kwa simu akiwa amesimama uani mchana, mlango wa nyuma umefungwa, na alicheka kwa sauti mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Akawa anapiga kila siku. Walianza hata kuzungumza kama zamani.

Wiki ya tatu, saa sita mchana, mkewe ndiye aliyepiga.

"Mtoto ana joto kidogo," alisema taratibu. "Asubuhi hana, jioni hana. Mchana tu. Daktari amempima kila kitu, haoni ugonjwa."

Mkasi aligeuka. Kioo cha dirisha la chumba alipokigusa kilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza saa sita mle ndani hapakuwa na sauti yoyote.

"Ni jua tu, mke wangu," alisema. "Mtoe nje kidogo, apate upepo."

Upande wa pili ulisikika mvumo mzito juu ya bati.

"Huku mvua haijakatika tangu juzi," mkewe akasema.