Kifuniko cha Kioo

Jumapili ya Matawi mwaka 1987, Hyasinta aliporudi kutoka misa ya kwanza alipanda juu ya stuli ili achomeke tawi lake ukutani, juu ya kabati la redio. Akiwa pale juu aliona kwamba ile ndege ya plastiki iliyowekwa juu ya kabati ilikuwa na mtu ndani.

Alishuka. Akafuta kioo cha ndege kwa ncha ya kitenge, akaangalia tena. Mtu alikuwa bado amekaa: wa plastiki ya kijani, ukubwa wa ncha ya kidole, kofia ya ngozi kichwani, mikono magotini.

"Shemeji," aliita. "Njoo utoe ulichoweka."

Leodgar alikuwa uani ananyoa ndevu. Alikuwa ameishi na Hyasinta kama mkewe kwa miaka mitatu na alikuwa amemwomba mara nyingi aache kumwita shemeji. Aliingia na povu shavuni.

"Niweke nini?"

"Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Povu lilianza kumkaukia usoni.

"Mzaha gani huu, Mama Susana? Siku ya Matawi?"

"Mzaha wangu? Kifuniko umegandisha wewe jana, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nasuka matawi na mtoto. Haya, kifungue tuone nimempitishia wapi."

Leodgar alijaribu kwa ukucha, kisha kwa ncha ya kisu. Kifuniko hakikutikisika. Gundi ilikuwa imeshika kama ilivyoandikwa kwenye kichupa.

Ndege ile ilikuwa ya Bernado, kaka yake Leodgar na mume wa kwanza wa Hyasinta. Bernado alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alipopelekwa kusoma Urusi alirudi na boksi lenye vipande vya kuunganisha: ndege ya vita ya zamani, ya panga moja la kuzunguka mbele, ambayo Warusi waliirusha walipopigana na Wajerumani. Jioni alikaa na mkewe mezani, akikata vipande kwa wembe, akivisugua kwa msasa mpaka viungo visionekane, naye Hyasinta akishika bawa kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. "Fundi, nishikie hapo," Bernado alikuwa akisema. Hakuna mtu mwingine aliyemwita Hyasinta Fundi.

Walibakiza rubani na kifuniko cha kioo. Vita vya Uganda vikaja. Asubuhi ya kuondoka, Bernado alimtia rubani kwenye mfuko wa shati.

"Huyu nakwenda naye. Kifuniko kisifungwe mpaka turudi wote wawili."

Vita viliisha na Bernado hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyesema alimwona akianguka. Hyasinta alipanga foleni za sukari na sabuni akiwa na Susana mgongoni, na kila alipofika mbele aliwauliza wanajeshi waliokuwa likizo. Miaka mitano ilipopita, mama mkwe wake, Bibi Dorotea, alisema hawezi kuzeeka huku roho ya mwanawe inatangatanga bila kaburi. Wazee wa ukoo kule Bukima wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu aliyemezwa na ziwa: walikata tunda la mwegea, refu kama paja la mtu, wakalivika shati la Bernado, wakalifunga sanda, wakalitaja jina lake na kulizika. Hyasinta alinyolewa nywele. Baada ya matanga akapewa Leodgar.

"Mimi mume wangu hajafa," aliwaambia.

"Umeona kaburi," walimjibu.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yaliyokuwa yanauza majani ya chai na viberiti tu yakajaa vitu vilivyopitia mpaka wa Sirari, na kati ya vitu hivyo Leodgar aliona gundi ya kukamata mara moja. Jumamosi ya kuamkia Matawi alitoa kile kifuniko kwenye kikombe kilimohifadhiwa, akakipaka gundi pembeni, akakibana kwa vidole viwili huku akimwangalia Hyasinta.

"Basi," alisema. "Limekwisha hilo."

Wiki ile yote rubani hakutajwa. Jumatano Kuu Susana, aliyekuwa darasa la tatu, aliuliza kwa nini mtu wa kwenye ndege ameangalia dirishani wakati jana aliangalia mlango. Aliambiwa ale ugali wake. Ijumaa Kuu, mchana, wakati mji umetulia na wadudu wa ziwani wamepanda angani kama moshi wa shamba linaloungua, ukasikika mvumo juu ya bati, na Leodgar akasema ni wadudu tu, wanapita, watapita. Lakini wadudu walipita na mvumo ukabaki, mwembamba, ndani ya chumba, na panga la ndege, ambalo Bernado mwenyewe alikuwa ameligandisha, lilikuwa linamalizia kuzunguka.

Ndipo wakaona ukungu.

Ulikuwa upande wa ndani wa kifuniko. Ulikuja, ukafifia, ukaja tena, taratibu, kama kioo kilichowekwa mbele ya pua ya mtu aliyelala, na chumba kikaanza kunuka gundi ile ya zamani ya Kirusi ambayo haikuwa imenunuliwa Musoma hata siku moja, na chini ya harufu ya gundi kulikuwa na harufu ya dawa ya vidonda, na Hyasinta, ambaye hakuwa amesogea, aliona katikati ya ule ukungu mstari unajichora, mwembamba kuliko uzi, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayefuta kwa kidole ili aone nje.

"Anapumua," alinong'ona.

"Nyamaza."

"Anapumua, shemeji. Mfungulie."

"Nimekwambia nyamaza! Mtoto atasikia."

"Mfungulie, anakosa hewa."

Leodgar alitupa shuka juu ya ndege, akakimbilia kwa mama yake.

Bibi Dorotea alikuwa mtu wa kanisa, lakini aliwajua pia watu wa mambo haya. Baada ya Pasaka alimleta Boke, mwanamke mfupi kutoka Butiama mwenye sauti ya kuuza mnadani. Boke alifunua shuka, akacheka.

"Hiki ndicho kinawakimbiza? Ng'ombe wangu angekimeza." Kisha akainama, na kicheko kikaisha. "Mlizika nini?"

"Tunda," alisema Bibi Dorotea. "Kwa jina lake."

"Mlimwita mtu, mkaweka tunda. Jini linalopita likasikia jina, likaona mwenye jina hayupo. Limelichukua. Limetafuta pa kukaa, na ninyi mkaliwekea kiti na mlango."

"Ni mume wangu," alisema Hyasinta.

"Siyo mumeo, mwanangu."

"Unamjua? Ulikuwaga unamjua?"

"Majini nayajua. Litakuita. Litakuita kwa sauti yake, na kwa jina ambalo ni yeye tu alikuita. Ukiitika limekuchukua, na huyu mtoto baada yako. Unataka Susana akae kwenye kiti kile?"

Hyasinta alimwangalia binti yake, aliyekuwa mlangoni akinyonya ncha ya kola ya sare. Hakubisha tena.

Walikwenda Bukima Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Leodgar alibeba ndege ndani ya kapu. Boke alimwagia kaburi maji ya majani, akamkabidhi Leodgar wembe.

"Aliyefunga ndiye afungue. Wewe mama, usifumbue mdomo."

Leodgar alikata. Wembe uliteleza, ukaacha mkwaruzo kwenye ubavu ambao Bernado alikuwa ameusugua kwa majuma mawili. Kifuniko kilipoachia, pumzi ilitoka. Wote waliisikia, ndefu, ya mtu aliyebanwa kifua siku nyingi. Kisha sauti ikasema, karibu kabisa, bila hasira yoyote:

"Fundi."

Hyasinta alijitia kitenge mdomoni.

"Fundi, nishikie hapo."

Machozi yalimtoka na kamasi zikamtoka, na Bibi Dorotea, aliyeitambua sauti ya mtoto aliyemzaa, aliketi chini kwenye nyasi mbichi akaziba masikio.

"Fundi? Upo?"

Hyasinta aling'ata kitenge mpaka fizi zikatoa damu. Hakuitika. Upepo wa ziwani ulipita, na hakuna kilichosema tena.

Waliangalia ndani ya ndege. Kiti kilikuwa kitupu, na kilikuwa kimelowa.

"Limekwenda," alisema Boke. "Limeshindwa. Ndege haina kosa, mpeni mtoto achezee." Leodgar alicheka kwa sauti kubwa njia nzima mpaka Musoma.

Mwezi wa nane mtawa aligonga mlango wa nyumba yao, mtaa wa Nyasho pale Musoma. Alikuwa Sista Marcelina, mzaliwa wa Bunda, aliyekuwa amehudumu miaka mingi katika hospitali ya misheni upande wa Uganda.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Sista."

Hakukubali chai kwanza. Aliuliza kama hapa ndipo kwa Hyasinta wa Bukima.

"Ndimi."

"Kulikuwa na mgonjwa wetu. Aliletwa vita vinaisha, ameumia kichwa, hana sare wala kitambulisho. Hakujua jina lake. Tulimwita Musa. Miaka imekwenda hivyo hivyo, hasemi, anafagia wodi, anatengeneza vitanda, mikono ya ajabu. Mwaka huu mwanzoni akaanza kukumbuka. Kwanza Hyasinta. Halafu Bukima. Tukaanza kutafuta lori la kumleta."

Leodgar aliweka kikombe chini.

"Yuko wapi?" Hyasinta aliuliza.

"Alifariki, dada yangu. Usiku wa kuamkia Matawi."

Kuku uani walikuwa wanagombania kitu.

"Alikuwa mzima," alisema Sista. "Hilo ndilo linanisumbua. Jioni amekula vizuri. Mara akasema hewa hakuna. Akawa anakwaruza mbele ya uso wake, hivi, kama mtu aliye nyuma ya dirisha. Tulifungua madirisha yote, tukamtoa mpaka barazani. Anasema tu, fungua, fungua." Alijifuta paji la uso. "Nilitaka nikuletee kitu chake. Alikuwa na kimtu cha plastiki, alikishika siku zote, hata kulala. Tulipomwosha, kiganja kilikuwa kitupu. Tumetafuta mpaka chini ya magodoro. Nisamehe."

Hyasinta alikuwa anaangalia mkono wa Leodgar, vidole viwili, cha gumba na cha shahada, ambavyo vilikuwa vimebanana vyenyewe juu ya meza.

"Aliniita," alisema. "Alifika nyumbani akaniita, na mimi nikanyamaza."

Siku ya pili alifunga nguo zake na za Susana, akaichukua ndege na kioo chake kilichokatwa, akaenda kwa ndugu zake Guta. Leodgar alimfuata mpaka barabarani akimwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna ambaye angejua.

"Kwaheri, shemeji," alisema Hyasinta.

Leodgar alibaki peke yake. Haukupita muda majirani wakaona ameng'oa mlango wa mbele, wakadhani anakarabati. Kisha akang'oa wa nyuma, akisema ndani hewa hakuna. Akawa analala barazani, hata mvua ikinyesha, mdomo wazi, mkono kifuani. Wale waliopita alfajiri kwenda mwaloni, inapotua mitumbwi, kununua dagaa walimwona hapo, na nyuma yake waliona vioo vya madirisha ya chumba kile cha kabati la redio, ambacho hakikuwa na mtu. Vilikuwa na ukungu. Ulikuja, ukafifia, ukaja tena, nao ulikuwa upande wa ndani.