Kadi Sita za Chapuchapu

Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikuwa na kazi tatu: kufungua tena madirisha ya chumba cha kusomea, kupangusa vumbi kwenye rafu, na kujaribu mhuri wa tarehe kwenye karatasi chakavu nione kama wino bado upo. Zote tatu nilizimaliza kabla shangazi hajaketi vizuri. Ndiyo maana mtaa mzima uliniita Chapuchapu, na mimi, kwa ujinga wa miaka yangu kumi na mitatu, nilidhani ni sifa.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkutubi. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, katikati ya kinyozi na fundi cherehani, kikiwa na meza mbili, feni yenye kulalamika, na vitabu vingi ambavyo watu walipita mlangoni bila hata kuvitazama. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampangia tarehe ya upasuaji iliyokuwa mbali. Aliweza kutembea, kupika, na kunikamata nikiiba sukari, lakini herufi zilimkimbia.

Siku moja akaja ofisa wa mji. Alizunguka chumba mara moja, akatazama daftari la waazimaji, akalifunga.

"Mama, chumba hiki kimelala," alisema. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitarudi. Nisipokuta watu wanaazima vitabu, tutakifanya stoo ya viti."

Shangazi alimjibu kwa adabu, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekifungua chumba kile kila asubuhi.

Lakini shangazi si mtu wa kulala na tatizo. Jioni ile, kama jioni zote, televisheni ilionyesha tamthilia ya upelelezi kutoka Japani, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mtaa ulinyamaza. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Shangazi alisikiliza ukimya ule, akacheka peke yake.

"Mtu anayekaa vipindi kumi na kimoja akimtafuta muuaji, atashindwaje kukaa kurasa mia mbili?" aliniuliza. "Riwaya za upelelezi zimejaa humu, hazina wenyewe. Tutachagua kumi, kila moja tuipatie ndugu yake katika tamthilia. Tutaifunga kadi kwa uzi: *Ulipenda tamthilia fulani? Basi soma hiki.* Tamthilia tumezitazama zote. Kinachobaki ni kusoma. Na kusoma ni kazi yako, mwanangu. Mimi sina macho. Macho yangu ni wewe."

Niliahidi. Tulikuwa likizo, tena nilikuwa na wiki mbili nzima.

Riwaya nne za kwanza nilizisoma kwa haki, neno kwa neno. Ya tano ilikuwa nene kama tofali. Nilikuwa nimeifungua barazani, nikipiga miayo, alipopita rafiki yangu, yule tuliyempa jina la Redio kwa sababu hazimiki.

"Unajitesa bure," alisema Redio. "Wewe unataka kujua inafanana na tamthilia gani, si ndiyo? Soma kurasa za mwisho. Ukishajua mkosaji ni nani na alikamatwaje, unatafuta tamthilia yenye mwisho kama huo. Kazi imekwisha, tukacheze."

Nilimwona Redio ana akili kuliko walimu wote. Riwaya sita nilizimaliza mchana mmoja. Ile nene, mwishoni kaka amemsaliti kaka yake: nikaifungia kadi ya tamthilia ya wale ndugu wawili wenye kiwanda. Hii muuaji ni daktari mpole: nikaipa tamthilia ya daktari mpole. Zililingana sawasawa kama soksi. Shangazi aliponiuliza kama nimezisoma zote, nilisema, "Zote, shangazi." Aliniwekea mkono kichwani. Mkono ule sijausahau mpaka leo.

Jumatatu tulizipanga mezani karibu na mlango. Lo! Watu walikuja. Kila riwaya ilikuwa na nakala nne, na kufikia jioni meza ilikuwa tupu. Fundi cherehani alichukua ile ya ndugu wawili, akaibusu kwa mzaha. "Tamthilia hii ilinikosesha usingizi," alisema. "Kitabu chake kitaniua kabisa!" Shangazi aliimba akifunga madirisha.

Alhamisi fundi alirudi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alikibwaga kitabu mezani.

"Dada, chukua kitabu chako," alimwambia shangazi. "Nilipofika ukurasa wa kumi na kuona tu kuna kaka, nikajua ni yeye. Nikafungua mwisho kuhakikisha. Ni yeye! Sasa nisome nini? Kadi yenu imenitajia mwizi kabla hajaiba."

Palepale nilielewa nilichokifanya. Nilikuwa nimeoanisha miisho. Kila aliyeitazama tamthilia aliujua mwisho wa riwaya kabla hajafungua jalada, na hao waliozitazama ndio hasa tuliowaita.

Baada ya fundi akaja kinyozi, kisha muuza mkaa, kisha mwalimu mstaafu aliyetikisa kichwa. Maneno ya fundi yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima. Mpya hakuja hata mmoja. Ijumaa chumba kilikuwa kitupu kuliko zamani, na ofisa alikuwa amebakiza wiki moja kamili.

Chakula kilinikataa. Nilimtafuta Redio nimlaumu, akaniambia, "Mimi nilishauri tu, kadi uliandika wewe." Nilikasirika, lakini alisema kweli. Nilifikiri kutoroka kwenda kwa mama mkubwa. Nilifikiri kuzichoma kadi. Nilitamani hata niugue, nihurumiwe badala ya kuulizwa. Nilikuwa nazama na hakuna aliyejua.

Jumamosi nilimkuta shangazi ameleta maboksi. Alikuwa akishusha vitabu kimoja kimoja, akikipangusa kila kimoja kwa khanga yake kabla ya kukilaza ndani. Hakuwa akilia. Afadhali angelia.

"Wazo langu lilikuwa la kijinga," alisema, akisikia hatua zangu. "Nimekuchosha bure na likizo yako. Lakini kuna jambo moja linanitatiza." Alipapasa meza. "Riwaya sita zimerudi, nakala zote. Nne hazijarudi hata moja. Fundi wa baiskeli yuko na moja, jana amenisihi nimwongezee siku. Kwa nini nne zipendwe na sita zichukiwe? Fumbo hili limenishinda."

Angenishuku, ningejitetea. Lakini hakunishuku hata chembe, na hilo ndilo lililonivunja.

"Shangazi, nne nilizisoma," nilisema. "Sita sikuzisoma. Nilisoma kurasa za mwisho tu. Nikakudanganya."

Feni ililalamika juu yetu. Shangazi alibaki na kitabu mkononi. Alikipangusa tena kwa khanga, ingawa kilikuwa safi, nikatamani anichape.

"Uliniambia zote," alisema mwishowe.

"Ndiyo, shangazi."

"Nami nikawaambia watu, kwa jina langu, kwamba zimesomwa." Akakiweka kitabu. "Nenda nyumbani."

Nilienda nikilia njia nzima, bila kujali anayeniona. Nilijua nimekula macho ya mtu asiyeona.

Jumapili asubuhi sana alinigongea mlango. Hakusema habari za jana. Mezani alikuwa ameziweka zile riwaya sita, na ile nene kama tofali ilikuwa juu.

"Anza ukurasa wa kwanza," alisema. "Kwa sauti. Ukiruka mstari nitajua."

Nilisoma. Nilisoma asubuhi, mchana na jioni, siku nne mfululizo, hadi sauti ikawa ya chura. Shangazi alisikiliza amefumba macho, akinikatiza: "Hapo rudia." "Huyu mama anaficha kitu." Na kweli, ile nene kama tofali haikuwa habari ya ndugu wawili hata kidogo. Ilikuwa habari ya mama anayejua aliyetenda kosa, naye anadanganya polisi kila sura, akiomba wasimfikie mwanawe. Mahali pengine nilishindwa kuendelea kwa machozi. Na mimi nilikuwa nimeimaliza kwa dakika tano!

"Ndugu yake ni ile tamthilia ya mpishi wa shule," nilisema ghafla. "Yule aliyeficha kisu cha mwanafunzi wake. Mwisho haufanani kabisa, lakini... lakini moyo unadunda vilevile."

Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Sasa unasoma," alisema.

Jumatano jioni kadi sita mpya zilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kusoma. Alhamisi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa fundi cherehani.

"Shikamoo."

"Marahaba, Chapuchapu. Umekuja kunitajia mwizi mwingine?"

Wateja wake walicheka. Nilimweleza yote mbele yao, bila kumtaja Redio, nikamwomba achukue kitabu kingine ambacho hakuwahi kukishika, kile cha daktari, chenye kadi mpya. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Haya. Nitasoma kurasa kumi, kwa ajili ya shangazi yako. Nikimjua muuaji, nakirudisha leo leo."

Siku ile hakukirudisha. Wala mashine yake hatukuisikia.

Ijumaa saa tatu ofisa aliingia. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, na maboksi bado yalikuwa kando ya ukuta. Aliyatazama, akatoa karatasi ya ripoti, akafungua kalamu yake. Shangazi alisimama wima, lakini chini ya meza aliushika mkono wangu.

Mara fundi cherehani akaingia kwa kishindo, macho mekundu, uzi umemning'inia sikioni. Nyuma yake walikuwa wateja wake wanne, kinyozi, na mwalimu mstaafu.

"Dada, umenitesa!" alifoka. "Nimeacha gauni la watu na mkono mmoja! Nilimshuku muuguzi, nikamshuku mlinzi, nikamshuku hata paka! Nipe kingine, na hawa nao uwape."

Ofisa alikichukua kitabu kile mkononi mwa fundi, akasoma kadi. "Tamthilia hii naijua," alisema polepole. "Kwani muuaji wa humu ni nani?"

"Soma!" tulimjibu chumba kizima.

Aliisogeza kalamu kutoka ripoti yake hadi daftari la waazimaji, akaandika jina lake. Kabla ya kutoka alimwambia shangazi ayafungue maboksi, na viti watavitafutia pengine.

Watu walipotawanyika, tulirudisha vitabu rafuni, yeye akipokea, mimi nikimsomea majina.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikiliza, maana mtaa wote unakuita Chapuchapu na hakuna aliyekuonya. Wepesi si kosa. Kosa ni kusema umefika, nawe hukusafiri. Anayeruka kazi huwa anadhani amejipunguzia mzigo, kumbe amemtwisha aliyemwamini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Alipapasa rafu, akatoa riwaya moja ambayo hatukuwa tumeigusa, akaipuliza vumbi, akanipa. Kisha akaketi, akafumba macho.

Nilianza ukurasa wa kwanza.